Mji wa Mzee Barafu

Mama Mkunga alitangaza safari siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, katikati ya kikombe cha pili cha chai, na Mzee Barafu akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mkewe akampiga mgongoni kwa kiganja kile kile kilichowapiga watoto wachanga elfu nne ili walie, akasema huku anacheka, "Furaha hiyo, mume wangu. Meza kwanza."

Furaha gani! Laiti angejua.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mama Mkunga alikuwa amestaafu miezi mitatu iliyopita, baada ya miaka thelathini na tano wodini, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeshaingia. Kitindamimba wao, binti aliyekuwa karani katika ofisi ya wakala wa safari, alikuwa amemnong'oneza mama yake siri ya kazi: ule mji wa kaskazini, ule ule wa baba, mwezi wa pili hauna wageni. Baridi inawafukuza. Hoteli kubwa iliyo mbele ya mto, ambayo siku za wageni hata kuichungulia mlangoni unaona aibu, wakati huo hushusha bei nusu na kutia kifungua kinywa juu yake.

"Wiki nzima," alisema Mama Mkunga. "Mimi na wewe. Chumba chenye beseni la kuogea unalala ndani kama mamba. Nimezalisha watu nikiwa nimesimama maisha yangu yote, Baba. Sasa nataka nilale mahali ambapo kitanda anatandika mtu mwingine. Na wewe unitembeze. Uniambie, hapa ndipo nilipokuwa napita, pale ndipo nilipokuwa nakula."

"Mwezi wa pili?" alisema Mzee Barafu, sauti haijamrudi vizuri. "Unaujua mwezi wa pili wa kule?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda na anayejua."

Sasa ukweli tuuseme mapema, tusije tukasumbuana huko mbele. Mzee Barafu hakuwahi kufika kwenye mji ule. Hata kwa dawa.

Miaka thelathini na minne nyuma, alipokuwa fundi kijana wa majokofu, kampuni ilichagua mafundi wawili wapelekwe kaskazini miezi sita wakajifunze mitambo mikubwa ya baridi. Yeye alikuwa mmoja, na wa pili alikuwa rafiki yake, mwembamba sana, waliyemwita Kijiti. Ukoo ukafanya sherehe. Baba wa mchumba wake, ambaye mpaka siku hiyo alimwona kama mtu wa kushika spana tu, alimpa mkono kwa mara ya kwanza na kumwita mwanangu. Akasindikizwa kwa vigelegele. Kufika makao makuu ya kampuni, kumbe kuna mtihani wa mwisho, wa hesabu na umeme. Kijiti akapita. Yeye akaanguka. Kampuni, kwa kumwonea huruma, ikampeleka miezi hiyo sita kwenye ghala la baridi la samaki, mkoa wa mbali, mahali ambapo hakuna aliyemjua.

Angerudi nyumbani akasema jamani nimeanguka, wangemcheka wiki mbili, na yangekwisha. Lakini vile vigelegele! Mtu unavirudia kwa uso gani? Basi akakaa kule ghalani, akawa anaandika barua kwa mchumba, anazitia kwenye bahasha kubwa na kumtumia Kijiti, naye Kijiti anazibandika stempu za kule na kuzituma. Na kwa kuwa hakuwa na baridi nyingine ya kusimulia, alisimulia ile aliyokuwa nayo. Aliandika kwamba upepo wa kule hautoki pembeni kama wa kwetu, unashuka kutoka juu na hauna mapumziko. Aliandika kwamba mji mzima una harufu kali inayowasha macho. Aliandika kwamba mtu haruhusiwi kukaa kwenye baridi zaidi ya dakika arobaini. Zikitimia, lazima aingie penye joto dakika kumi, ndipo atoke tena.

Mchumba alizisoma barua zile mpaka mikunjo ikakatika. Kijiti akafa na siri yake, Mungu amrehemu. Wahenga walimpa mwizi siku arobaini, lakini Mzee Barafu alijipa miaka thelathini na minne, na kila mwaka ule mji wake ukawa unaongezeka mtaa.

Kama ingekuwa hilo tu, tusingekuwa na la kusimulia. Uongo wa mchumba kwa mchumba, nani hana? Lakini liko la pili, na hilo ndilo baya.

Mwaka wa saba wa ndoa, Mama Mkunga alirudi nyumbani mbio, aproni ya wodini bado kiunoni, barua mkononi. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga wa juu, miaka miwili, kila kitu kimelipiwa. Na mji ulikuwa ule ule. Alimwuliza mumewe, kwani nani mwingine wa kuuliza? Mzee Barafu akaona picha yote kwa mara moja: mkewe anashuka kwenye ndege, upepo unampiga ubavuni, anasimama anajiuliza. Akaogopa. Akamwambia mji ule unavunja wanawake. Akamwambia amewaona kwa macho yake wauguzi wa kigeni wanalia kwenye vituo vya basi na machozi yanagandia mashavuni. Akala yamini. "Mimi nimefika, mke wangu. Wewe hujafika. Usiende."

Naye hakwenda. Aliikunja barua mara nne, akaitia chini ya nguo, akaenda kuandaa chakula. Nafasi akapewa mwenzake wa zamu, ambaye alirudi na cheti kikubwa na kwa miaka zaidi ya ishirini akawa ndiye Bi Mkubwa wa wodi. Mama Mkunga akapokea amri kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukata kitovu. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa akisema tu, "Aa, mimi ile baridi ingenishinda." Na kila aliposema hivyo, Mzee Barafu aliinuka akaenda kuangalia kitu nje.

Hilo ndilo lililofanya chai impalie. Mkewe akishaligundua la kwanza, la pili litajifungua lenyewe.

Jumatatu daftari likafunguliwa. Mama Mkunga aliandika bajeti kama alivyoandika ripoti za zamu, mistari imenyooka, hakuna kufuta. Ndege. Viza. Bima. Hoteli. Makoti. Akiba ya dharura. Mzee Barafu akaketi mbele yake na nia moja tu, kuifanya ile jumla ivimbe mpaka ipasuke.

"Ndege iwe ya moja kwa moja," alisema. "Za kubadilisha zinaumiza miguu. Na za moja kwa moja ni bei ya nyumba."

"Mwezi wa pili hata hizo zimeshuka. Nimeshauliza. Laki nane tu zaidi." Akaandika.

"Makoti. Koti la kweli la kule, mke wangu, si mchezo. Koti moja ni mshahara wa miezi mitatu."

"Tutakodi. Nguo ya wiki moja ninunue ya nini? Nije niivalie kuku?"

"Chakula cha kule ni moto wa kuotea mbali."

"Kifungua kinywa ni bure. Tutakula saa mbili mpaka tushibe hadi jioni. Mimi nimeshazoea, wodini nilikuwa nakula mara moja kama chatu."

"Na hili goti langu?"

"Ndiyo maana nimechukua chumba chenye beseni la maji ya moto," alisema Mama Mkunga, akampapasa lile goti chini ya meza. "Unaona nilivyokufikiria?"

Kila jiwe alilorusha, mwenzake alilidaka akajengea. Kufika Jumatano, anasa nzima, na hoteli yake na mto wake, ilikuwa imeingia ndani ya kiinua mgongo na chenji imebaki. Mama Mkunga alikuwa anaimba jikoni. Miaka mingi hakuwa amemsikia akiimba, na wimbo ule ulimkata maini.

Alhamisi jioni kitindamimba akapita kutoka kazini kuikagua bajeti. Akaketi, viatu vya ofisini kavivua, kidole kinashuka mstari kwa mstari. "Safi. Safi. Mama, wewe ungefanya kazi kwetu." Halafu kidole kikasimama. "Hii ni nini? Kupasha moto, mara nane kwa siku, siku saba? Mbona hela nyingi hivi? Inaizidi hata bima!"

"Si ni zile dakika arobaini," alisema mama yake. "Tukitembea arobaini, lazima tuingie mahali tupate joto kumi. Huwezi kuingia hotelini kwa watu ukakaa bure, lazima uagize kahawa. Kahawa mbili, mara nane. Nimepiga hesabu vizuri."

Binti akamtazama mama, akamtazama baba, akaangua kicheko. "Mama wee! Nani kakwambia? Watoto wa kule wanacheza nje mchana kutwa! Wateja wangu wananiletea picha kila mwaka. Kuna vibibi vinauza maua barabarani asubuhi mpaka jioni, vimejifunga mitandio tu."

Mama Mkunga akageuza uso polepole kwa mumewe.

"Siku hizi labda wamelegeza," alisema Mzee Barafu. "Zamani ilikuwa sheria."

"Sheria ya nani, Baba?" aliuliza binti.

"Ya manispaa."

"Manispaa inapima watu dakika barabarani!" Binti akacheka tena mpaka akashika mbavu. "Baba, walikudanganya hao. Walikuona mgeni."

"Na harufu je?" aliuliza Mama Mkunga. Yeye hakuwa anacheka.

"Harufu gani, Mama?"

"Inayowasha macho."

"Sijawahi kuisikia. Wanasema hewa ya kule ni safi mpaka inauma."

Mama Mkunga akachukua kalamu, akaukata ule mstari wa kupasha moto kwa rula, akaandika jumla mpya. Halafu akamtazama mumewe kwa lile jicho la kazini, la kupima tumbo kabla ya kuligusa. "Sawa," alisema, akalifunga daftari. Mzee Barafu usiku ule aligeuka kitandani mpaka jogoo wa kwanza, na mkewe, ambaye kwa kawaida angemwambia tulia wewe, hakusema kitu.

Ijumaa alikuwa soko kuu, anatengeneza feni ya ghala la baridi la wauza samaki na matunda, mtambo wa zamani ambao bado uliendeshwa kwa gesi ya amonia na kila wiki ulivuja mahali papya. Saa nane mchana alitoka ndani kupasha vidole, akamkuta mkewe amesimama baina ya matenga, mkoba kwapani, bahasha mkononi. Hakuwa na kawaida ya kuja kazini kwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyempiga marufuku, tangu zamani, kwamba ghala si mahali pa wanawake.

"Fomu za viza," alisema Mama Mkunga. "Kitindamimba kanituma. Ile bei ya nusu mwisho wake leo saa kumi. Yangu nimeshasaini. Saini yako nikimbie."

Mzee Barafu akafuta mikono kwenye bwelasuti ya kazi, akashika karatasi. Jina, sawa. Kazi, sawa. Akashuka mpaka swali la kumi na nne. Je, umewahi kuingia katika nchi hii? Na hapo, kwa mwandiko mzuri wa bintiye aliyekua akisikia hadithi moja maisha yake yote, palikuwa pamejazwa: Ndiyo. Mafunzo ya ufundi, miezi sita. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo meusi. Atakayetoa taarifa ya uongo atanyimwa viza, yeye na anaosafiri nao, na hawataruhusiwa kuomba tena kwa miaka kumi.

"Ubalozi una kumbukumbu za tangu enzi, mtoto anasema," mkewe alikuwa anaendelea. "Hata za miaka hamsini. Wewe hawatakusumbua, watakuta umo."

Miaka kumi. Mama Mkunga angekuwa na sabini na kitu. Kalamu ikamteleza vidoleni, jasho limemtoka mbele ya mlango wa ghala la barafu.

"Mke wangu," alisema, "hili goti. Nimewaza. Kwa nini usiende wewe tu?"

"Peke yangu?"

"Eh. Au na mtoto."

"Mtoto hana likizo." Mama Mkunga akamtazama tena na lile jicho. "Na mimi peke yangu siendi. Nitamwuliza nani njia? Nimeambiwa na wewe mji ule unavunja wanawake." Mzee Barafu akaendelea kuzitazama fomu. "Basi tuache, Baba. Kama goti limekataa, limekataa. Nitamwambia mtoto asilipe."

Akazichukua zile fomu mkononi mwa mumewe, akaanza kuzikunja. Mara moja. Mara mbili. Hakununa, hakuguna.

Oneni basi jinsi shetani anavyomsaidia mtu. Mzee Barafu alikuwa ameokoka. Hakutakiwa kusema neno hata moja. Angenyamaza tu dakika moja nyingine, mkewe angeenda zake, safari ingekufa, na mji wake ungebaki na mitaa yake yote mpaka siku ya kaburi. Lakini vile vidole vikikunja karatasi alivijua. Alikuwa ameviona vikifanya vile vile miaka ishirini na sita nyuma, kwa sababu yake. Mara ya pili? Hapana. Hata yeye, na woga wake wote, hakuweza.

"Ngoja," alisema. "Vaa hili koti. Ingia ndani mara moja."

"Ndani wapi? Saa kumi inafika."

"Ingia, Mama. Nakuomba."

Akamvika koti lake zito la kazi, likamfika magotini, akauvuta ule mlango mnene na kumtangulia. Mwanzoni Mama Mkunga alisimama tu, mikono ndani ya mikono ya koti, pumzi inamtoka nyeupe. Halafu akaangalia juu. Feni nne zilikuwa zinavuma darini, upepo unashuka moja kwa moja utosini, bila mapumziko. Akavuta pumzi kwa pua. Akapangusa macho, yanamwasha. Akageuka kutafuta mlango, na nyuma ya mlango akakuta kibao cha rangi nyekundu, cha siku nyingi: WAFANYAKAZI WOTE. DAKIKA 40 NDANI, DAKIKA 10 NJE. AMRI.

Alikisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili midomo ilikuwa inacheza.

"Kumbe ndio huu," alisema. "Ndio huu mji."

Mzee Barafu akamwaga yote, maneno yanapandana. Mtihani, hesabu, umeme, ghala la samaki, bahasha za Kijiti, vigelegele. Alisema nilikuwa mtoto, nilikuwa na miaka ishirini na sita. Alisema baba yako alikuwa ameniita mwanangu. Mama Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, na mwisho wake, ajabu, kona ya mdomo ikamtetemeka kama mtu anayetaka kucheka.

"Machozi yanagandia mashavuni," alisema. "Mtu mzima wewe! Na mimi kila mwaka nawasimulia wazazi wodini, nawaambia vumilieni uchungu, mume wangu amepita mahali pabaya kuliko hapa." Kweli alicheka, kicheko kifupi, na Mzee Barafu akapata tumaini. Akapiga hatua moja kumsogelea.

Ndipo kile kicheko kikakatika. Aliona namna kilivyokatika. Mkewe alikuwa amefika pale alipokuwa anamwombea asifike.

"Na barua yangu?" alisema Mama Mkunga. "Ya masomo."

Feni zilivuma.

"Uliniambia mimi nimefika, wewe hujafika. Ukaapa kwamba umeona kwa macho yako. Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nisije nikaumia?"

Angeweza kusema ndiyo. Hata hapo angeweza. "Niliogopa utajua sikufika."

"Basi?"

"Basi."

"Hakuna jingine? Hukuwa na wivu, hukuwa na shida, mtoto hakuwa mgonjwa? Basi hilo tu?"

"Hilo tu, mke wangu."

Mama Mkunga alitikisa kichwa, polepole, kama anayesikiliza mapigo ya moyo na hayapati. "Ungeniambia siku ile ile," alisema, "ningecheka. Wallahi ningecheka mpaka nikae chini. Ningekutania mpaka leo. Mficha uchi hazai, nawaambia wanawake wangu kila siku ya Mungu, na nyumbani nimelala na mwanamume aliyejifunika gubigubi." Sauti ikapanda. "Miaka ishirini na ngapi nimesema ndiyo Bi Mkubwa, sawa Bi Mkubwa! Mtu niliyemshika mkono nikamfundisha! Na nilikuwa najiambia, mimi ni dhaifu, mimi baridi ingenishinda. Nilijidharau mwenyewe kwa ajili ya friji!"

"Lakini tungekuwa hatuna kitindamimba," alisema Mzee Barafu, akidhani ameshika kamba. "Mwaka uliofuata ndio tulimpata. Ungekwenda..."

"Usimtie mtoto humu. Usithubutu."

Mzee Barafu alikuwa analia, mzee mzima, na ukitaka kujua, machozi hayakuganda.

Mama Mkunga akavua koti, akamrudishia, akasukuma mlango kwa bega. Nje, kwenye mwanga wa soko, alizikunjua zile fomu juu ya tenga la machungwa na kuzipiga pasi kwa kiganja. Yake akaitia kwenye bahasha. Ya mumewe akamwachia mkononi.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mzee Barafu.

"Saa tisa kasoro. Nawahi kulipa."

Jioni hiyo alihamisha mto wake chumba cha watoto. Hakununa kwa kelele. Chai ilitengwa, salamu ilijibiwa. Alipoombwa msamaha alisema nimekusikia, na alipoombwa tena alisema nimeshakusikia, Baba. Kitindamimba aliambiwa baba yako hasafiri, goti. Hilo ndilo lililomchanganya Mzee Barafu kuliko yote. Alimfuata mkewe jikoni akamwuliza kwa nini hakumwambia mtoto ukweli.

"Mimi nitamwambiaje?" alisema Mama Mkunga. "Huo umeuzaa mwenyewe, uulee mwenyewe."

Daftari lilibaki mezani, wazi, na siku moja akalichungulia. Bajeti ilikuwa imeandikwa upya kwa mtu mmoja. Alipotafuta chenji ya nauli yake, bima yake, koti lake na chakula chake, hakuiona, maana yote ilikuwa imehamia kwenye mstari wa hoteli. Siku saba zilikuwa zimekuwa ishirini na moja.

"Wiki tatu?" aliuliza.

"Nafasi yako imenilipia mbili," alisema mkewe, bila kuinua kichwa kwenye sindano na uzi. "Nitaanzia chuoni. Nataka niuone ule mlango ambao ningeingilia. Kama wataniruhusu nitakaa nyuma darasani, hata siku moja."

"Na baadaye?"

"Baadaye nitaoga."

Mwezi wa pili ukafika upesi kuliko alivyopenda. Asubuhi ya safari majirani walijaa uani, wake kwa waume. Kitindamimba alikuwa tayari kwenye gari, injini inanguruma, anapiga honi kwa furaha. Mzee Barafu alibeba sanduku mwenyewe kutoka chumbani mpaka getini, goti la uongo na la kweli yote yakimuuma, na njia nzima watu wanamchokoza. Mzee, unamwacha bibi aende kwenye mji wako peke yake? Mzee, si ungemsindikiza ukamwonyeshe wale marafiki zako wa zamani? Alitabasamu huku na huku mpaka mashavu yakamchoka. Akaliweka sanduku kwenye buti, akamsogelea mkewe karibu na mlango wa gari, akashusha sauti.

"Wataniuliza wiki tatu nzima kwa nini sikwenda. Niwajibu nini?"

Mama Mkunga alimtengeneza kola ya shati, kwa upole kabisa, mbele ya watu wote.

"Waambie wewe ulishafika," alisema, akapanda gari.